Bashrafu, selo na Bach: uzi wa tunaosikiliza taratibu

1. Selo ya Vuga

Assalaam alaykum.

Wa Unguja mnaolikumbuka lile giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010 mtanifahamu upesi. Umeme wa kutoka bara umekatika, mafriji yamekuwa makabati ya kuwekea sahani, na Mji Mkongwe mzima unanguruma kwa majenereta. Mtaani kwetu jenereta halikuwepo. Palikuwa na kandili, baraza, birika la kahawa, na mzee mmoja jirani aliyekuwa akipiga selo, ile fidla kubwa yenye sauti nzito, kwenye taarabu tangu mimi sijazaliwa. Nilikuwa bado niko skuli.

Mzee yule alikuwa na redio ya kanda, ya kutia mawe. Kwa bei ya mawe siku zile haikufunguliwa ovyo: habari, kisha inazimwa. Usiku mmoja baada ya isha akaingia ndani, akatoka na kanda isiyo na jalada, akaitia, akanambia, "Kaa kimya usikilize." Ikaanza selo peke yake. Hapana dumbaki, hapana kanuni, hapana mwimbaji. Sauti moja nzito inarudi pale pale chini, na nyengine zinaizunguka kwa juu, zinapanda kidogo, zinarudi, zinapanda tena zaidi. Mimi nikaona hii taksim. Nikamuuliza, "Babu, hii taksim ya makamu gani?" Makamu ni ule mpangilio wa sauti ambao muziki unatembea ndani yake.

Akazima redio kabisa ili anijibu. "Si taksim. Hii imeandikwa yote, kila sauti. Na aliyeiandika kafa kabla Seyyid Said hajahamia Unguja."

Nilishtuka. Nimekulia kwenye taksim, najua ni kitu cha mpigaji mwenyewe, kinamjia pale pale na kesho hakirudi vile. Sasa vipi mtu aandike kitu, na kila kikipigwa kisikike kama kinazaliwa sasa hivi? Miaka imepita, na swali hilo bado ndilo linalonirudisha kwenye muziki huu.

Aliyeandika ni Johann Sebastian Bach, Mjerumani, aliyezaliwa 1685 akafariki 1750. Suiti zake sita za selo, kila moja ni mfululizo wa vipande vifupi, ni za karibu na 1720, alipokuwa akimtumikia mtawala wa Köthen. Maandishi ya mkono wake mwenyewe yamepotea. Nakala tunayoitegemea zaidi ni ile aliyoiandika mkewe, Anna Magdalena. Kwa muda mrefu watu walizichukulia kama mazoezi ya wanafunzi, mpaka kijana mpigaji selo wa miaka 13, Pablo Casals, alipozikuta kwenye duka moja la Barcelona mwaka 1890. Alikaa nazo zaidi ya miaka 10 kabla ya kuthubutu kupiga suiti nzima mbele ya watu, na akazirikodi zote sita baina ya 1936 na 1939. Kanda ya mzee wetu ilikuwa hiyo ya Casals. Inakwaruza kama samaki anayekaangwa, na mpaka leo sijapata nyengine ninayoipenda kuliko ile.

Nafungua uzi huu kwa sababu nimechoka kusikiliza peke yangu. Na nina dai: mtu aliyelelewa na taarabu ya asili, sikio lake liko tayari kwa muziki huu kuliko anavyodhani. Mnaosikiliza, semeni mnasikiliza nini. Msiosikiliza, ulizeni.

2. Mwana wa Wete

Waalaykum salaam ndugu yangu.

Huku Pemba babu yangu alikuwa mtu wa Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri. Akitusimulia zile Alhamisi za mwanzo wa mwezi, tamasha linatoka Kairo, wazee wameizunguka redio moja mpaka usiku mkubwa. Wimbo mmoja saa nzima, na mstari mmoja bibi yule anaurudia mara tano, mara sita, na kila mara umekuwa mwengine. Kwa hivyo urefu haunitishi.

Kinachonitatiza mimi ni maneno. Kwa Umm Kulthum, nisichokifahamu kwa Kiarabu nakifahamu kwa sauti yake. Okestra ya Kizungu isiyo na mwimbaji natafuta pa kushika sipaoni. Dakika kumi zinapita, najua ni nzuri, lakini ukiniuliza nimesikia nini, sina jibu.

3. Selo ya Vuga

Kaka wa Wete, swali lako ndilo lenyewe. Niwie radhi nitalijibu kwa urefu.

Ushawahi kukaa kwenye taarabu tangu mwanzo, kabla mwimbaji hajasimama? Kitu cha kwanza ni bashrafu. Ala tupu. Kwa wengi wetu huo ndio wakati wa kutafuta kiti na kuamkiana na kina bibi waliotangulia. Siku moja acha kuamkiana, isikilize. Bashrafu imetoka kwa Waturuki, ikapita Misri, ikatufikia sisi. Ina vipande vinne, na kila kimoja kinaitwa khana, neno lenye maana ya nyumba. Na kila khana ikimaliza, kinarudi kipande kile kile kimoja: taslim. Khana ya kwanza, taslim. Ya pili, taslim. Ya tatu mara nyingi ndiyo inayokwenda mbali. Makamu inageuka, sauti zinapanda, unahisi umetolewa nje ya mji na hujui utarudi kwa njia gani. Halafu taslim hiyo, na wewe uko barazani kwako. Mwenye kuijua taslim hapotei. Hata akipitiwa na usingizi khana nzima, ikirudi atajua yupo wapi.

Sasa mchukue Antonio Vivaldi, wa Venice. Konseto zake, yaani ule muziki wa ala moja kusemezana na okestra, zimejengwa kwa mtindo huo huo. Okestra nzima inapiga kipande, fidla moja inatoka kwenda zake, okestra inakirudisha kile kipande, fidla inatoka tena, mara hii inakwenda mbali zaidi. Waitaliano kipande hicho wanakiita ritornello, kirejeo kidogo. Mimi nakiita taslim na sijioni kuwa nimekosea.

Na kwa kuwa unataka maneno, yapo. Konseto zake nne za Misimu Minne zilichapishwa 1725 pamoja na mashairi, shairi moja kwa kila msimu, na mistari yake imeandikwa humo humo juu ya noti ili mpigaji ajue hapa ni ndege, hapa ni radi, hapa ni mbwa anabweka. Misimu yao si kaskazi na kusi, wala si masika na vuli yetu, lakini mvua ni mvua. Anza na Majira ya Baridi, sehemu ya pili tu, dakika mbili hivi. Fidla za okestra hazipigwi kwa upinde, zinadonolewa kwa vidole: hayo ni matone, nje kunanyesha. Juu yake fidla moja inaimba polepole: huyo ni mtu aliyekaa ndani karibu na moto, ametulia. Sikiliza mara ya kwanza matone peke yake. Mara ya pili fuata fidla inayoimba. Mara ya tatu usifuate kitu.

4. Kijana wa Jang'ombe

Mimi niliambiwa Beethoven ndiye mkubwa wao, na kazi yake kubwa ni simfoni ya 9, yaani muziki mrefu wa okestra nzima, nikaanza na hiyo. Inapita saa nzima. Bando liliisha kabla waimbaji hawajafungua midomo. Nafanya kazi ya ujenzi, narudi jioni nimechoka, nikajisemea labda muziki huu unataka mtu aliyepumzika.

5. Selo ya Vuga

Mdogo wangu, hukukosea kuitafuta, ila umeanza na mlima. Waimbaji wa ile ya 9 wanangoja mpaka sehemu ya nne, ya mwisho. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, naye Beethoven alikuwa ameshakuwa kiziwi. Husimuliwa kwamba ilibidi mmoja wa waimbaji amshike amgeuze ili awaone watu wanampigia makofi, maana hakuwasikia. Itakuja siku yake, nayo utaipenda.

Wewe sasa hivi shusha sehemu ya pili ya simfoni ya 7. Ishushe pahala penye intaneti ya bure, ibaki kwenye simu, iwe yako. Inaanza chini, kwenye selo na wenzake, na mdundo mmoja: ndefu, fupi fupi, ndefu, ndefu. Mdundo huo huo ndio unaoibeba sehemu nzima. Kila ukirudi umeongezewa kitu juu yake, fidla za pili, fidla za kwanza, mpaka okestra nzima inatembea kwa hatua ile moja. Ilipopigwa Vienna Disemba 1813 watu walitaka irudiwe pale pale. Mtu aliyebeba zege kutwa anakujua kutembea kwa hatua moja mpaka mzigo ufike. Sikiliza ukiwa umechoka hivyo hivyo.

6. Mkaazi wa Malindi

Nauliza kwa nia njema. Sisi tuna kikundi cha taarabu cha Ikhwan Safaa tangu 1905. Tuna Culture Musical Club tangu 1958. Tuna wazee wanaondoka mmoja mmoja na ujuzi wao kifuani, na vijana wetu hawawezi kukutajia makamu matatu. Halafu tunakaa kuwazungumza Wajerumani. Hivi yetu tumeshayamaliza kuyasikiliza?

7. Selo ya Vuga

Ami, uchungu huo ninao, na hatujayamaliza. Lakini nikueleze lililonitokea mimi.

Kabla ya ile kanda nilikuwa nakwenda taarabu kwa ajili ya maneno. Nani kapigwa fumbo, nani kainuka kutunza. Ala nilizisikia kama unavyosikia feni. Baada ya kanda ndipo nilipoanza kumsikia mzee wetu, kule nyuma na selo yake, sauti ambayo ilikuwepo miaka yote na sikuwahi kuitia sikioni. Nikaanza kwenda mazoezini usiku. Nikaanza kuuliza hii Rast, hii Bayati, hii Hijaz. Bach ndiye aliyenipeleka Malindi kwenu, Ami. Nasema kweli mbele ya Mungu.

Na yetu nayo yamesafiri. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliitia taarabu kasri kwake kutoka Misri. Ikaimbwa kwa Kiarabu, kwa wakubwa. Akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaitia Kiswahili na mambo ya watu wa kawaida, akenda Bombay 1928 kurikodi santuri. Fidla, selo na dabo besi ni ala za Ulaya, ziliingia kwenye okestra za Misri na huko ndiko tulikozipokea. Hata kule Kairo, mwaka 1932, ulifanyika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na miongoni mwa waliokaa kusikiliza alikuwemo Béla Bartók, Mhungaria, mmoja wa watunzi wakubwa wa zama zake. Bartók huyo 1913 alikuwa ameshakwenda mpaka Biskra, Algeria, na mashine ya kurikodia, kuwasikiliza watu wa vijijini. Yeye alitufuata. Sioni ubaya na sisi tukimfuata.

8. Sauti ya Pili

Naimba kwaya kanisani, Mkunazini. Sauti ya pili, kama jina linavyosema. Sikujua kuwa wapo wengine hapa mjini wanaokaa na muziki huu wakati si wa Krismasi.

Sisi tunamjua Handel zaidi. Masihi, kazi yake kubwa ya kwaya na okestra, aliitunga mwaka 1741 kwa siku 24, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Haleluya yake kila mtu anaijua, lakini anayoijua ni sauti ya kwanza. Sisi wa pili tunapewa ile ya katikati ambayo hakuna anayetoka nayo mlangoni akiipiga mluzi. Miaka ya mwanzo ilinisikitisha. Kisha siku moja ya mazoezi wenzangu wote wa sauti ya pili walikuwa wagonjwa, nimebaki peke yangu, nikanyamaza kidogo kupumua. Mwalimu akasimamisha kwaya nzima. Akasema, "Pameingia tundu."

Kaka wa Wete, nakuongezea: chagua sauti ya katikati uifuate mwanzo mpaka mwisho. Ya juu itakufuata yenyewe.

9. Mpiga Nai

Nami niseme, nikiwa upande wa pili kidogo. Nimejifunza nai, filimbi ya mwanzi, pale chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichoanzishwa 2002. Mozart nampenda, lakini baada ya nusu saa sikio langu linaona njaa. Kila sauti imenyooka. Kwenye Rast na Bayati kuna ile sauti iliyo baina, si ya juu si ya chini, ndiyo inayomfanya mtu aseme "Allah!" bila ya kukusudia. Piano haina pa kuibonyeza. Muziki mkubwa namna ile, halafu umeiacha sauti tamu kuliko zote?

10. Selo ya Vuga

Hapo nakubaliana nawe, na sitaki kuizunguka. Wameiacha. Walitaka kuziweka sauti nyingi juu ya nyengine, nne, nane, zinakwenda pamoja na kila moja ina njia yake, na kwa kazi hiyo robo zile, yaani hizo sauti za baina, zilikuwa zinagongana. Walipata kitu kikubwa na wakalipia. Sisi tulibaki na uzi mmoja wa sauti, tukaufanya laini mpaka ukawa unapita kwenye tundu ya sindano. Mimi nataka vyote viwili, na ninapokaa na kimoja sana, namkumbuka mwenzake, kama wewe.

Mtafute Bartók, kuartet ya nyuzi ya pili, yaani muziki wa fidla mbili, viola na selo, aliyoitunga baina ya 1915 na 1917, sehemu ya kati. Biskra imo humo, utaisikia kwenye mgongo wa ule mdundo. Robo huzipati, lakini utajua kuwa mtu huyu amewahi kukaa chini akasikiliza.

Na nikupe jengine, nimelichelewesha kwa sababu si jepesi kwangu.

Suiti ya 5 ya Bach inataka selo ibadilishwe kabla ya kupigwa: uzi wa juu kabisa unalegezwa, kutoka noti ya la mpaka noti ya sol. Mzee wetu alipoliona hilo kwenye karatasi alifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini, kwa sababu wapigaji fidla wa Kiarabu nao huzilegeza nyuzi mbili za juu. Selo yote inabadilika rangi, inakuwa na giza.

Ndani ya suiti hiyo kuna Sarabande, kipande cha mwendo wa polepole. Suiti nyengine, Sarabande ndipo Bach anapozibana nyuzi mbili tatu kwa pamoja ili selo moja isikike kama kundi. Hii, hapana. Sauti moja, kisha moja, kisha moja. Hakuna hata pahala pamoja ambapo mbili zinalia kwa mara moja. Ukurasa wake haujai. Na wewe unayesikiliza ndiye unayezikamilisha zile ambazo hakuziandika; unazisikia, na hazipo.

Mwaka wake wa mwisho mzee alikuwa anatetemeka mikono. Ile ya kwanza kabisa, ya usiku wa giza, hakuiweza tena, inataka wepesi. Alikuwa akinituma nimletee selo, analegeza uzi mwenyewe, hataki kusaidiwa, anapiga Sarabande ya 5. Kila sauti alikuwa anaikaribia kama mtu anayeshuka ngazi usiku. Mara ya mwisho alisimama katikati, katika lile pumziko la nusu ya kwanza, nikadhani amechoka. Alikuwa anasikiliza.

Selo imo kwangu sasa. Mimi si mpigaji. Nailegeza uzi, naupandisha tena.

11. Kijana wa Jang'ombe

Kaka, Mungu amrehemu. Ile ya 7 nimeisikiliza kwenye daladala kutoka Mwanakwerekwe, mara mbili, nikapitiliza kituo. Mdundo bado ninao miguuni.

Nashauri tuwe na siku. Alhamisi, saa 3 usiku, kila mtu alipo, kitu kimoja, kisha tunaandika humu tulichosikia. Kiwe kifupi, kwa ajili ya bando. Sarabande hiyo ina dakika ngapi?

12. Selo ya Vuga

Nne hivi, kwa anayekwenda polepole. Alhamisi saa 3, inshaallah. Ami wa Malindi, na ya wiki ya pili tuchagulie wewe bashrafu.

13. Mkaazi wa Malindi

Nitachagua. Ya Rast. Na Mpiga Nai atueleze khana zake moja moja.

14. Mwana wa Wete

Ripoti ya Wete, kabla ya hiyo Alhamisi.

Jana imenyesha tangu asri. Nyumba yetu ni ya bati, mvua ikija kwa nguvu hata mazungumzo yanasimama. Nikasubiri mpaka imebaki ile ndogo ndogo, nikaweka simu kwenye bakuli tupu ili sauti itoke, nikafungua Vivaldi, dakika zile mbili. Mara ya kwanza nikafuata matone kama ulivyosema, na sikuweza kujua yepi ni ya fidla na yepi ni ya upenuni kwetu. Mara ya pili nikafuata inayoimba.

Mama yangu alikuwa kaketi mlangoni anasuka ukili. Hakusema kitu. Ilipokwisha akaniuliza, "Huyo anayeimba ni nani?"

Nikamwambia, "Hakuna anayeimba mama, fidla hiyo."

Akaangalia simu, akaangalia mvua. Akasema, "Haya, mrudishe mwanzo."